Tulipongojea Majibu ya Chuo

Mama mwenzangu unayesoma ukurasa huu, kama unaye mtoto aliyemaliza kidato cha sita, bila shaka unajua jinsi siku zinavyokuwa ndefu nyumbani kuanzia mwezi wa saba. Mtihani ulifanyika mwezi wa tano. Matokeo yametoka. Tangu hapo hadi vyuo vikuu vifunguliwe, mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, mzazi huishi kama mtu aliyesimama mlangoni, haingii wala hatoki. Majirani wanauliza, "Mtoto amechaguliwa chuo gani?" Kanisani wanauliza. Hata mgonjwa unayemfunga kidonda anainua kichwa na kukuuliza.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Ni kweli, lakini subira siyo kulala. Katika kazi yangu ya uuguzi nimewahudumia wagonjwa wengi wanaongojea majibu ya maabara. Hatumwachi mgonjwa wa namna hiyo akiangalia dari. Tunampima joto, tunampa maji, tunamgeuza ubavu, tunaandika yote katika kadi yake. Majibu yakija, yanamkuta mtu aliyetunzwa. Nami nimekuja kuona kwamba nyumba inayongojea majibu ya chuo na ya mkopo inahitaji kutunzwa vivyo hivyo.

Ninaishi wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya, huku kwenye migomba, chai na mvua. Nina stashahada ya uuguzi. Mume wangu ni seremala. Tumejaliwa watoto watatu, na tunawalea watoto wawili wa marehemu dada yangu, pamoja na mama mkwe wangu ambaye sasa ni mzee. Binti yetu, ambaye ndiye kifungua mimba, alimaliza kidato cha sita mwaka 2023. Alisoma fizikia, kemia na baiolojia, na tangu darasa la sita neno lake lilikuwa moja tu: "Mimi nitakuwa daktari."

Safari ya karatasi

Mimi nilipokwenda chuo cha uuguzi, baba yangu aliuza ng'ombe wawili, na habari ikaishia hapo. Hapakuwa na mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa stashahada kama mimi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, na kwa miaka mingi mikopo yake ilikuwa ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Ni tangu mwaka wa masomo 2023/2024 ndipo baadhi ya kozi za stashahada, zikiwamo za afya, zilipoanza kupata mikopo. Basi jambo hili lilikuwa geni kwangu kabisa, nami nikaamua kulisoma kama nilivyosoma zamani habari za dawa.

Nilifahamu kwanza kwamba kuna milango miwili, na kila mlango una ufunguo wake. Mlango wa kwanza ni nafasi ya chuo. Kuanzia mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu yalikuwa yakipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, lakini tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwanafunzi huomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na Tume hukagua majina. Mlango wa pili ni mkopo. Kupata nafasi ya chuo hakukupi mkopo, na kuomba mkopo hakukupi nafasi ya chuo. Wazazi wengi niliokutana nao steshenari, tukisubiri kompyuta, walidhani ni jambo moja.

Binti alikwenda JKT pamoja na wenzake mwezi wa sita. Kabla ya kuondoka aliniachia orodha ya vyuo aliyoiandika kwa mkono, na bahasha yenye vyeti vyake. Akaniambia, "Mama, udaktari uwe wa kwanza kila mahali." Nikamwambia, "Nimesikia, mwanangu." Lakini mwishoni mwa orodha yeye mwenyewe alikuwa ameandika pia shahada ya uuguzi katika chuo kimoja cha serikali, kwa kuwa mwalimu wake alimshauri asiweke mayai yote katika kapu moja.

Karatasi za mkopo ndizo zilizonipa mwendo. Cheti cha kuzaliwa ni lazima kihakikiwe na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa mtoto aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho huhakikiwa. Namba ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo inayomtambulisha mwombaji. Ada ya maombi mwaka ule ilikuwa Sh 30,000. Fomu ikishajazwa kwenye kompyuta huchapwa, husainiwa na mwombaji na mdhamini wake, hugongwa muhuri wa serikali ya kijiji au mtaa, hupelekwa kwa wakili au hakimu, halafu kurasa zilizosainiwa hurudishwa tena kwenye kompyuta. Mdhamini anahitaji picha na kitambulisho.

Nawaandikia haya kirefu kwa sababu kila hatua ina foleni yake. Mwenyekiti wa kijiji yuko msibani. Hakimu ana kesi. Mtandao wa simu umekatika kwa mvua. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, napitia mjini na bahasha chini ya kanga, nafika nyumbani saa saba mchana. Nikalala saa tatu, nikaamka, nikaenda zamu tena.

Herufi moja

Katikati ya safari hiyo tulipata kikwazo. Katika karatasi moja ya binti, ofisi iliyoiandaa ilikuwa imeandika jina la ukoo kwa herufi "l" mahali palipotakiwa "r". Ninyi mnaotoka huku kwetu mnajua jinsi ulimi unavyozichanganya herufi hizo mbili. Lakini kompyuta haina ulimi. Kwake, hao walikuwa watu wawili tofauti.

Ilinichukua siku kumi na moja na nauli za kwenda na kurudi mara nne, pamoja na hati ya kiapo kwa wakili, mpaka jina likawa moja. Nasema hivi siyo kwa kumlaumu mtu. Nasema ili wewe mwenye mtoto wa kidato cha pili au cha tatu usingoje. Leo jioni toa vyeti vyote vya mtoto wako kwenye sanduku, viweke mezani kimoja baada ya kingine, usome kila jina herufi kwa herufi kama tunavyosoma jina la mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Ukiona tofauti, una miaka miwili ya kuirekebisha kwa utulivu. Ukiiona mwezi wa nane baada ya kidato cha sita, una wiki mbili za kukimbia.

Majibu mawili, nafasi moja

Binti aliporudi kutoka kambini, amekonda na jua limemchoma, majibu ya awamu ya kwanza yalikuwa yameshatoka. Alikuwa amechaguliwa mahali pawili. Chuo kimoja cha binafsi kilimchukua kusomea udaktari. Chuo cha serikali kilimchukua kusomea shahada ya uuguzi. Udaktari katika vyuo vya serikali alikuwa ameukosa, maana waombaji ni wengi na nafasi ni chache.

Aliimba siku nzima. Mama mkwe akatoka nje na fimbo yake akapiga vigelegele, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna harusi.

Hapo ndipo nilipoielewa vizuri taabu iliyo katika jambo hili. Mwanafunzi aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu katika simu, naye huitumia kuthibitisha chuo kimoja tu, ndani ya siku zilizopangwa. Asipothibitisha, nafasi yaweza kupotea. Lakini majina ya waliopata mikopo hutoka Oktoba, kwa awamu. Hii ina maana kwamba mtoto anachagua chuo kwanza, ndipo ajue kama fedha ipo. Ni kama kumwambia bibi arusi akubali posa leo, halafu baada ya mwezi mmoja ndipo ataambiwa nyumba iko wapi.

Ada ya udaktari katika chuo kile cha binafsi ilikuwa Sh milioni 6.2 kwa mwaka, bila chakula wala malazi. Ada ya uuguzi katika chuo cha serikali haikufika Sh milioni 2. Udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Uuguzi ulikuwa miaka minne.

Tulikuwa na siku sita.

Daftari la baba

Usiku ule mume wangu alisema bila kuzunguka, "Tuuze shamba." Tuna ekari mbili za migomba na chai alizoachiwa na baba yake. Mtu mmoja wa mjini alikuwa ameshamwambia kwamba atatoa Sh milioni 9 taslimu wakati wowote. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na akisema neno huwa amelilaza na kuliamsha siku nyingi. Nilijua amesema kwa upendo.

Sikumpinga. Nilimwomba kitu kimoja tu: "Baba, kabla hatujauza, tuandike." Akaleta daftari lake la kazi, lile analoandikia vipimo vya milango na madirisha. Bwana Yesu alipata kusema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Basi tukaketi. Tukamwita na binti, kwa sababu mnara ulikuwa wake.

Tukachora safu tatu. Ya kwanza: mkopo ukilipa ada yote. Ya pili: ukilipa nusu. Ya tatu: usipopatikana. Mkopo hugawanywa katika vifungu, kama vile chakula na malazi, ada, vitabu, mafunzo ya vitendo na mahitaji maalumu ya kozi. Bodi hupima uwezo wa familia, na siyo kila mtu hupewa sawa. Mimi ni mtumishi mwenye hati ya mshahara. Fomu inauliza kazi ya mama na kazi ya baba. Hati ya mshahara haionyeshi ni watu wangapi wanakula kutoka katika sufuria moja. Kwa hiyo hatukuthubutu kutegemea safu ya kwanza.

Tukaichukua safu ya pili, ndiyo iliyoonekana kuwa ya kiasi. Nusu ya ada ya udaktari ingebaki kwetu: Sh milioni 3.1 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni Sh milioni 15.5. Fedha ya shamba ni Sh milioni 9. Mume wangu akagawanya kwa kalamu ya risasi, akafuta, akagawanya tena. Shamba lingeisha kabla ya mwaka wa tatu kwisha.

Akaweka kalamu chini. Akasema polepole, "Basi mwaka wa nne tutauza nini?"

Hakuna aliyejibu. Tukaandika pia shamba linatupa nini. Ndizi za kula nyumbani watu wanane. Majani ya chai yanayolipwa kila mwezi, ambayo ndiyo sare na madaftari ya watoto wa marehemu dada yangu. Majani ya ng'ombe mmoja wa maziwa. Yote hayo yangekoma siku ya kutia sahihi, na binti bado angekwama katikati ya njia, hana shahada, na nyumba haina shamba.

Mama mwenzangu, nimeona wengi wakiuza shamba mwezi wa kumi. Mnunuzi anajua chuo kinafunguliwa lini kuliko wewe. Anakuja wakati huo huo na bei ya wakati huo huo. Simhukumu mzazi anayeuza, pengine hesabu yake inafika mwisho. Ninachosema ni kwamba uifikishe hesabu mwaka wa mwisho wa masomo, siyo siku ya kufungua chuo tu.

Neno lililoniuma

Binti alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, sikukesha na fizikia miaka miwili ili niwe nesi."

Nilikuwa nimevaa sare. Zamu yangu ilianza saa mbili usiku, na saa ilikuwa saa moja na robo. Baba yake alitaka kumkemea, nikamgusa mkono. Nikachukua sweta yangu, nikaenda kazini.

Usiku ule wodini tulikuwa wauguzi wawili na wagonjwa zaidi ya thelathini. Saa tisa usiku mtoto mmoja wa miaka minne alibadilika kupumua. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa maana ukiisha kufanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini unaisikia pumzi mbaya hata ukiwa upande wa pili wa chumba. Tulimpa hewa, tukamwita daktari, daktari akaja, na mtoto akaishi. Daktari alifanya kazi nzuri. Nami nilifanya yangu. Nilitembea kwenda nyumbani asubuhi nikiyafikiri maneno ya binti yangu, na sikupata hasira. Nilipata huzuni kidogo, kisha nikaona kwamba ana haki ya kutaka anachokitaka.

Nilimkuta jikoni anawasha moto. Akaanza kuomba radhi. Nikamwambia, "Mwanangu, sikuombi uupende uuguzi kwa ajili yangu. Wala sitakuambia kwamba ni sawa na udaktari, maana siyo kitu kimoja. Nakuomba usome daftari la baba yako kama ulivyosoma kemia. Halafu uchague wewe. Ukichagua udaktari, tutasimama nawe mpaka safu zile zitakapofika, na ukikwama tutajua kwamba tulijua. Shamba tu ndilo hatutaliuza."

Akaniuliza, "Nikienda uuguzi, naweza kusoma udaktari baadaye?" Nikamjibu kweli: inawezekana, vyuo hupokea watu wenye sifa za namna hiyo, na nimefanya kazi na madaktari wawili waliokuwa wauguzi kwanza. Lakini hesabu ya fedha ingeanza upya, na miaka ingekuwa mingi. Sikutaka achague kwa matumaini niliyomtia mafuta.

Siku tatu hakusema kitu. Alikwenda shambani na bibi yake, akachuma chai. Siku ya tano nilikuwa kazini mchana, simu ikalia mara moja mfukoni. Ujumbe wake ulikuwa na maneno mawili: "Nimethibitisha uuguzi."

Nilikwenda chumba cha kuhifadhia shuka, nikafunga mlango, nikalia. Sijui mpaka leo kama nilikuwa nalia kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Oktoba

Msidhani kwamba amani ilishuka siku ile. Binti alikaa karibu mwezi mzima akijibu maswali kwa neno moja. Rafiki yake aliyepata udaktari alikuja kuaga, na baada ya hapo hakula chakula cha jioni. Nilimwacha ahuzunike. Tunapompoteza mtu tunalia siku kadhaa, na ndoto nayo ina matanga yake. Neno la kwamba Mungu ana mpango lilikuwa kinywani mwangu mara nyingi, nikalirudisha. Kuna wakati ambapo neno la kweli likisemwa mapema huwa kama dawa inayomiminwa juu ya kidonda kisichosafishwa.

Majina ya awamu ya kwanza ya mikopo yakatoka. Lake halikuwemo. Mume wangu akaangalia daftari, safu ya tatu, ambako tulikuwa tumeshaandika cha kufanya: ada ya mwaka wa kwanza ingelipwa kwa akiba yangu ya chama cha kuweka na kukopa na kwa meza na viti alivyoagizwa kutengeneza. Tungebana. Lakini tusingeanguka. Kwa kuwa ilikuwa imeandikwa, hakuna aliyepiga kelele usiku ule. Tulikula ndizi, tukasali, tukalala.

Awamu ya pili jina likawamo. Alipata fedha za chakula na malazi, na sehemu ya ada. Kiwango cha chakula na malazi kilikuwa Sh 10,000 kwa siku, baada ya kupandishwa kutoka Sh 8,500. Iliyobaki katika ada tuliiweza.

Akina mama wa umoja wetu kanisani walitaka kuitisha changizo. Mama mchungaji akauliza kwanza, "Mna upungufu gani hasa?" Swali hilo lilikuwa zuri kuliko changizo. Tukamwambia kwamba fedha za kujikimu huingia mwanafunzi akishafika chuoni na kusajiliwa, siyo kabla, kwa hiyo wiki za kwanza ndizo zenye njaa. Basi mmoja akaleta godoro, mwingine shuka mbili na ndoo, mwingine akatoa nauli ya basi. Mama mmoja mjane, ambaye mimi mwenyewe nilimhudumia alipougua, akaleta karanga za kukaanga kilo mbili ndani ya mfuko wa sukari. Binti alizila karanga zile mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Mkopo siyo zawadi

Kabla hajaondoka tulizungumza jambo jingine. Mkopo ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya deni iliyowatesa wengi ilifutwa mwaka 2021, na hilo ni nafuu kubwa. Hata hivyo kila shilingi anayoichukua leo kwa ajili ya chakula atairudisha kesho. Nilimwambia, "Ukinunua simu mpya kwa fedha ya chakula, utakula mara moja na kulipa mara mbili." Akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Septemba.

Kwa mama unayengojea sasa

Mambo machache nakuachia, niliyoyapima kwa mwendo wangu mwenyewe.

Kagua majina ya vyeti mapema. Weka nakala ya kila karatasi katika bahasha moja, na andika juu yake tarehe ya kila hatua. Namba ya simu iliyojazwa katika maombi iwe ya simu inayopokelewa, maana ujumbe wa kuthibitisha huja humo.

Kama jina halimo awamu ya kwanza, usitangaze msiba. Kuna awamu nyingine, na baada ya hapo hufunguliwa dirisha la rufaa kwa wenye sababu za haki na vielelezo. Wala usimpe fedha mtu anayejidai anaweza kukuingizia jina. Wapo kila mwaka, nao hupotea na fedha.

Keti na mume wako na mtoto mwenyewe kabla majibu hayajaja. Andikeni safu tatu. Andikeni pia kile ambacho hamtakiuza. Jambo linaloamuliwa kwa utulivu mwezi wa nane halitawagombanisha mwezi wa kumi. Kama huna mume, keti na dada yako, au mzee wa kanisa unayemwamini, lakini mtoto asikosekane. Mtoto asiyeonyeshwa hesabu atadhani alinyimwa. Aliyeonyeshwa atajua alipendwa, hata akikasirika.

Na zaidi ya yote, mwambie mtoto wako kabla barua haijafika kwamba thamani yake haimo ndani ya barua. Mwambie mara nyingi. Akishakataliwa, hataweza kulisikia neno hilo vizuri. Lazima liwe limeshaingia.

Binti yangu aliingia mwaka wa tatu mwishoni mwa mwaka 2025. Bado anasema kwamba siku moja atasoma udaktari. Simwambii ndiyo, simwambii hapana. Likizo iliyopita alikuja na kitabu chake cha magonjwa ya watoto, akaniuliza jinsi ninavyoitambua pumzi mbaya kabla ya kipimo. Tulikaa jikoni hadi saa sita usiku, mimi nikimwonyesha kwa kifua changu mwenyewe, naye akiandika.